KISIWA KINACHOTITIA: HESABU YA MATOPE YA GHUBA YA OSAKA

Mkulima akijenga ghala la mahindi mahali penye udongo laini, karibu na kinamasi, mwaka wa kwanza ghala husimama wima. Mwaka wa pili mlango huanza kukwama. Mwaka wa tatu ufa hutokea ukutani, na majirani huanza kunong'onezana kwamba fundi alikuwa mlevi. Pengine fundi hakukosa lo lote katika kuta zake. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeuliza, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, ardhi ile itashuka kiasi gani chini ya mzigo, na itachukua miaka mingapi kushuka.

Swali hilo hilo liliulizwa nchini Japani, ila ghala lenyewe lilikuwa kiwanja cha eropleni, na kinamasi chenyewe kilikuwa bahari.

Mji wa Osaka ulikuwa na kiwanja chake cha zamani, Itami, ambacho nyumba za watu zilikizunguka pande zote. Wakazi walichoka na kelele, na eropleni hazikuweza kuruka usiku. Ikaamuliwa kiwanja kipya kijengwe ndani ya Ghuba ya Osaka, yapata kilometa 5 kutoka pwani, mahali ambapo hakuna mtu wa kuamshwa usingizini. Lakini hapo hapakuwa na kisiwa. Palikuwa na maji yenye kina cha mita 18 hivi, na chini ya maji palikuwa na matope. Kisiwa ilibidi kitengenezwe na watu, na kazi ilianza mwaka 1987.

MZIGO NA MAJI

Tabaka la juu la matope hayo lilikuwa udongo wa mfinyanzi laini sana, wenye unene wa mita 20 hivi, uliotua pale polepole tangu mwisho wa zama za barafu. Chini yake kulikuwa na udongo wa mfinyanzi wa kale zaidi, mgumu kidogo, uliopangana kwa zamu na matabaka ya mchanga na changarawe, kushuka mamia ya mita. Vishimo vya uchunguzi vilitobolewa hadi kina cha mita 400 hivi, na mwamba haukuwa karibu.

Ili kufahamu shida iliyowakabili mainjinia, inafaa kwanza kufahamu udongo wa namna hii una nini ndani yake. Katika tope laini la bahari, maji huchukua nafasi kubwa kuliko chembe za udongo zenyewe. Ukiweka mzigo juu yake, chembe hazivunjiki, na maji hayakubali kubanwa yakawa madogo. Kwa hiyo tope haliwezi kupungua mpaka maji yapate njia ya kutoka. Mpishi wa pwani anayekamua tui kwa kifumbu anaijua kazi hiyo: akibana, tui hutoka, na machicha hubaki yamekazana. Tofauti ni kwamba tui hutoka mara moja, kwa kuwa matundu ya kifumbu ni makubwa. Matundu ya udongo wa mfinyanzi ni madogo hata hayaonekani kwa jicho, na maji hupita humo kwa unyonge wa ajabu.

Basi siku mzigo unapowekwa, ni maji yanayoubeba. Karani anaweza kuwaza kwamba deni lote limeandikwa katika daftari la maji. Kila tone linapotoka, sehemu ya deni huhamishwa kutoka daftari la maji na kuandikwa katika daftari la chembe. Chembe husogeleana, na uso wa ardhi hushuka kidogo. Hesabu hufungwa pale maji yasipodaiwa tena cho chote. Na hata baada ya hapo udongo huendelea kulegea kidogo kidogo kwa miaka mingi, kama kitanda cha kamba, ingawa shuka hiyo ni ndogo.

Mtu aliyeiandika sheria ya jambo hili kwa hesabu ni Karl Terzaghi, mzaliwa wa mji wa Prague mwaka 1883. Alifanya majaribio yake mjini Istanbul alipokuwa mwalimu wa mainjinia huko, na vifaa vyake vilikuwa vya kuungaunga. Kitabu chake kilichofanya udongo uwe elimu kamili ya ujenzi kilitoka mwaka 1925. Kabla yake watu walijua kwamba majengo hutitia. Mnara wa Pisa, ulioanza kujengwa mwaka 1173, ulikuwa umewaonyesha watu jambo hilo kwa karne nyingi. Lakini hakuna aliyeweza kutaja kiasi na muda kabla ya tukio.

DAKIKA MOJA NA MIAKA MIWILI

Namna ya kupima ni hii. Mrija wa chuma chembamba husukumwa chini polepole ndani ya udongo, kisha huvutwa juu ukiwa na kipande cha udongo ndani yake. Ncha zake huzibwa kwa nta ili unyevu usitoke, na mrija hubebwa kwa uangalifu kama trei ya mayai. Udongo ukitikiswa njiani, majibu yake huwa ya uongo. Katika chumba cha majaribio hukatwa kisahani chenye unene wa sentimita 2 tu, nacho hufungwa ndani ya pete ya chuma, jiwe lenye vinyweleo juu na jingine chini, ili maji yaweze kutoka pande zote mbili. Mzigo huwekwa, kisahani huachwa siku nzima, kisha mzigo huongezwa mara mbili, na tena mara mbili. Kila mara huandikwa kimepungua kiasi gani na kwa muda gani.

Kutoka kisahani hicho kufika baharini kuna hesabu moja ambayo kila msomaji anaweza kuifanya kwa kalamu yake. Katika kisahani cha sentimita 2, tone lililo katikati lina safari ya sentimita 1 kufika nje. Katika tabaka la mita 20 lenye njia ya kutokea juu na chini, tone la katikati lina safari ya mita 10, yaani mara 1,000 zaidi. Lakini muda hauongezeki mara 1,000. Huongezeka kwa 1,000 mara 1,000, yaani mara milioni moja. Kisahani kikimaliza sehemu fulani ya kupungua kwake kwa dakika 1, tabaka la baharini litahitaji dakika milioni moja kufika hapo hapo, nazo ni siku 694, karibu miaka 2. Kisahani kikichukua saa 1, tabaka litachukua miaka 114.

Hakuna serikali wala kampuni inayoweza kungoja miaka 114 ili kufungua kiwanja cha eropleni. Lakini sheria ile ile iliyoleta habari mbaya ndiyo iliyoleta dawa: ukipunguza safari ya maji mara 8, muda hupungua mara 64.

Mainjinia wakafanya hivyo. Juu ya matope walitandaza mchanga kwanza. Kisha kutoka merikebu maalumu walishindilia mabomba marefu mpaka chini ya tabaka laini, wakayajaza mchanga, na kuyachomoa huku mchanga ukibaki. Kila nguzo ya mchanga ilikuwa na upana wa sentimita 40, na kutoka nguzo moja hadi nyingine ilikuwa mita 2 na nusu. Chini ya kisiwa cha kwanza ziliwekwa nguzo zipatazo milioni moja. Nguzo hizo hazikuwekwa ili zibebe kitu. Kazi yake ilikuwa kuwa mifereji tu: tone lililokuwa na safari ya mita nyingi kwenda juu au chini sasa lilikuwa na safari ya mita moja na kidogo kwenda kando.

Baada ya hapo mzigo ukaletwa. Ukuta wa bahari wenye urefu wa kilometa 11 ulizunguka mahali pote, na ndani yake ikamwagwa ardhi ya milima iliyochimbwa pande za Osaka, Wakayama na kisiwa cha Awaji. Kwa kisiwa cha kwanza peke yake zilihitajika mita za ujazo zipatazo milioni 180. Na hapa paliingia hesabu yenye kuzunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Ili kisiwa kibaki juu ya maji, ilipasa kuongezwa ardhi ya kujaza pengo la kushuka. Lakini ardhi iliyoongezwa ilikuwa mzigo mpya, na mzigo mpya ulileta kushuka kupya. Hesabu ilirudiwa na kurudiwa mpaka nambari zikatulia. Mwishowe kila mita mraba ya sakafu ya bahari ilibeba tani zaidi ya 40.

Tabaka laini la juu lilitii. Lilipungua kwa mita 6 hivi, karibu theluthi ya unene wake, na sehemu kubwa ya kushuka huko ilikwisha wakati ujenzi ukiendelea, kama ilivyotazamiwa. Kama matope yangalikuwa hayo tu, habari hii ingekwisha hapa.

UDONGO WENYE KUMBUKUMBU

Taabu ilitoka chini zaidi, katika udongo wa kale ambao nguzo za mchanga hazikuweza kuufikia.

Udongo wa mfinyanzi una kumbukumbu. Huukumbuka mzigo mzito kupita yote uliowahi kuubeba. Mfano wake ni godoro la sufi lililolaliwa na mtu mmoja miaka mingi: akija mgeni mwepesi kuliko yeye, godoro halibonyei tena, akija mzito kuliko yeye, sufi huanza kushuka upya. Ndivyo ilivyo kwa udongo. Mzigo mpya ukiwa chini ya kumbukumbu, ardhi hushuka kidogo tu. Ukivuka kumbukumbu, ardhi hushuka sana.

Udongo wa kale wa Osaka ulikuwa na kumbukumbu isiyozidi sana uzito wa matabaka yaliyoulalia. Uzito wa kisiwa ulipoongezwa, mpaka ule ulivukwa katika matabaka mengi. Kupima mpaka huo katika udongo wa kina kikubwa ni kazi ngumu, kwa maana kipande kinachovutwa kutoka mita 200 au 300 chini hulegea njiani na kupoteza sehemu ya kumbukumbu yake. Tena yale matabaka ya mchanga yaliyotazamiwa kuwa njia za kutolea maji hayakuwa yote njia nzuri. Mengine yalikuwa membamba au yamechanganyika na udongo, na maji yaliyotoka katika mfinyanzi yakabaki yamebanwa ndani yake bila mahali pa kwenda.

Kwa sababu hizo hesabu za mwanzo zilikuwa pungufu. Hapana haja ya kulificha neno hilo. Kazi ikiwa katikati, makadirio yalilazimika kufanywa upya, na ardhi zaidi ikaletwa. Gharama ya kosa la namna hii hailipwi na udongo. Hulipwa na fedha za watu. Lakini ni haki pia kusema kwamba mainjinia hawakungoja mpaka maji yafike mlangoni ndipo watambue. Tangu mwanzo walikuwa wamelaza mabamba chini ya kisiwa ili kupima kushuka kwa kila tabaka, na wamezika vipimo vya msukumo wa maji ndani ya udongo, ili waone deni limehamishwa kiasi gani kutoka daftari moja kwenda jingine. Vipimo vilipopingana na karatasi, waliamini vipimo. Wako wakuu wa kazi, na si Japani tu, ambao wangaliamini karatasi.

Kiwanja kilifunguliwa tarehe 4 Septemba 1994. Siku hiyo sakafu ya bahari chini yake ilikuwa imekwisha kushuka karibu mita 10, nayo ilikuwa ikiendelea kushuka kwa yapata nusu mita kwa mwaka.

NYUMBA JUU YA JEKI

Mtu anaweza kustaajabu kwamba jengo la abiria liliwekwa juu ya ardhi kama hiyo, tena jengo lenye urefu wa kilometa 1 na 7 juu ya 10, lililochorwa na Renzo Piano wa Italia. Siri yake ni kwamba jengo haliogopi kushuka. Huogopa kushuka upande mmoja kupita mwingine. Nyumba ikishuka sawasawa pande zote, hata mita 3, mlango wake hautakwama. Ikishuka sentimita chache kona moja tu, kioo kitapasuka.

Kwa hiyo jengo hilo lilisimamishwa juu ya nguzo zipatazo 900 zinazoweza kurefushwa. Katika chumba cha chini ya ardhi mafundi hupima kila nguzo. Ikionekana imetangulia wenzake kushuka, jeki huwekwa, nguzo huinuliwa kidogo, na mabamba ya chuma huingizwa chini ya kitako chake, kama vile mtu anavyosawazisha meza kwa kuweka kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja. Abiria wanaokunywa chai ghorofani hawana habari ya lo lote.

Magazeti ya nchi nyingi yalipenda kuandika kwamba kisiwa hicho kinazama. Neno hilo linapendeza machoni, lakini si la haki. Chombo kinachozama hushuka haraka zaidi kadiri kinavyojaa maji. Kisiwa cha Osaka kilifanya kinyume: kila mwaka kilishuka kidogo kuliko mwaka uliotangulia, kwa maana deni la maji lilikuwa likipungua. Kutoka sentimita 50 kwa mwaka kilipofunguliwa, kilifika sentimita 6 hivi. Kwa vipimo vya mwaka 2024, jumla ya kushuka tangu ujenzi uanze ilikuwa zaidi ya mita 13 na nusu kwa wastani, na katika hizo karibu mita 3 na 8 juu ya 10 ni za baada ya kufunguliwa. Wastani huo hutokana na vituo 17 vya kupimia, kwa kuwa hakuna mahali pawili kisiwani panaposhuka sawa kabisa.

Hata hivyo bahari haiulizi kama ardhi inazama au inatitia. Hutazama urefu wa ukuta tu. Tarehe 4 Septemba 2018, miaka 24 kamili tangu siku ya ufunguzi, tufani iliyoitwa Jebi ilipiga ghuba. Maji yalipanda kwa kiasi kisichowahi kuandikwa Osaka, mawimbi yakaruka ukuta, na njia ya kwanza ya kurukia eropleni ikafunikwa. Maji yaliingia katika vyumba vya chini vya jengo na kuharibu mashine za umeme. Wakati huo huo meli ya mafuta ambayo nanga yake haikuweza kuishika ilisukumwa na upepo mpaka ikaligonga daraja la pekee linalounganisha kisiwa na nchi kavu. Watu wapatao 8,000, abiria na wafanyakazi pamoja, walilala kisiwani gizani.

Ukuta ulikuwa umeinuliwa zaidi ya mara moja kabla ya siku hiyo, kwa sababu ya kushuka kwa ardhi. Haukuwa umeinuliwa vya kutosha. Baada ya tufani uliinuliwa tena, njia ya kwanza ya eropleni nayo ikapandishwa, na mashine za umeme zikakingwa zisifikiwe na maji. Hapo inaonekana kwa nini kukadiria sentimita za kushuka si mchezo wa wataalamu. Mwenye kuamua urefu wa ukuta wa mwaka ujao ni lazima ajue ardhi yenyewe itakuwa wapi mwaka huo.

Elimu hii haiko mbali na Kenya. Huko Kilindini kituo cha pili cha makontena kimejengwa juu ya ardhi iliyojazwa baharini, kwa mkopo wa Japani, na sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2016. Lakini msomaji wa nyanda za Athi au Kano asichanganye habari hii na udongo wake mweusi wa pamba. Udongo ule huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, nao hupasua nyumba kwa kupanda na kushuka. Tope la bahari halivimbi wala halikauki. Hukamuliwa tu, na likishakamuliwa halirudi.

Kisiwa cha pili cha Osaka kilianza kujengwa mwaka 1999 kando ya kile cha kwanza, katika maji yenye kina zaidi na juu ya tope nene zaidi. Chini yake ziliwekwa nguzo za mchanga zipatazo milioni 1 na laki 2. Safari hii mainjinia waliingia kazini wakiwa na vipimo vya miaka zaidi ya 10 kutoka kwa jirani yake, na makadirio yao yaliufikiria udongo wa kale kwa uzito uliostahili. Njia yake ya eropleni ilifunguliwa tarehe 2 Agosti 2007. Kufikia mwaka 2024 sakafu ya bahari chini yake ilikuwa imeshuka mita 17 na zaidi, na kwa mwaka huo mmoja ilishuka sentimita 21 hivi. Huko vituo vya kupimia ni 54, na mafundi huvizungukia kila mwaka, wakiandika nambari mpya chini ya zile za mwaka uliopita.